Kreti irudi, ioshwe, ikauke: kutunza kreti za tomati na mboga za Bangboka



Kutoka Bangboka mpaka katikati ya Kisangani ni kilomita kama 17 tu, kwa barabara ile ile inayokwenda Bafwasende na Nia-Nia. Si mbali. Lakini kila anayepeleka tomati sokoni anajua kwamba kilomita hizo zinatosha kuharibu kazi ya miezi mitatu. Tomati inatoka shambani ngumu, inang'aa, inafika sokoni imepasuka na inavuja. Mama muuzaji anaitazama, anageuza mdomo, anakata bei. Ikilala usiku mmoja bila kuuzwa, asubuhi kuna harufu na nzi.

Mwaka 2011 shirika la FAO lilikadiria kwamba katika Afrika kusini ya Sahara karibu nusu ya matunda na mboga hupotea kabla ya kufika katika sahani ya mlaji. Sehemu kubwa ya hasara hiyo inatokea njiani, juu ya namna tunavyofunga na kupakia. Gunia linabana. Kitunga kinaingiza ncha zake katika tunda, na ukiweka kitunga juu ya kitunga, tomati za chini ndizo zinabeba mzigo wote. Wenzetu wa Nigeria wanalijua jambo hili sana: tomati zao husafiri karibu kilomita 1,000 kutoka kaskazini mpaka Lagos ndani ya vikapu vya rafia, na huko pia miradi imeleta kreti za plastiki kwa sababu hiyo hiyo. Katika kreti, uzito wa kreti ya juu unashikwa na kuta za kreti ya chini, si na tomati.

Basi kreti ni kitu kizuri, hatubishani. Lakini katika mikutano mingi ya koperative tunasikia swali moja tu: mradi utatupa kreti ngapi? Ni mara chache mtu anauliza nani ataziosha, na zitarudi namna gani kutoka sokoni. Na hapo ndipo faida yote ilipo. Tuseme kreti moja imenunuliwa franga 25,000 (wekeni bei yenu ya kweli). Ikienda sokoni mara 5 halafu ikapotea, kila safari imekula franga 5,000, na heri mngebaki na gunia. Ikienda na kurudi mara 100, kila safari imekula franga 250. Ni kreti ile ile.

Tena kreti inayorudi chafu ni mbaya kuliko gunia jipya, maana inabeba uozo wa jana na kuupa mzigo wa leo.

Uozo unasafiri namna gani

Ngozi ya tomati nzima ni ukuta. Bakteria na kuvu wanaoozesha wanakaa juu yake na hawaingii kwa urahisi. Lakini njiani barabara inatikisa, toleka inaruka shimo, na tunda linakwaruzwa kidogo tu, hata jicho halioni. Kama kreti ina maji ya tomati iliyooza safari iliyopita, yaliyokauka katika kona na katika matundu, uozo huo unapata mlango ulio wazi. Kwa joto letu la Kisangani, siku mbili ao tatu zinatosha. Pale unapoona tomati moja laini yenye nyuzi nyeupe kama pamba, na zile zinazoigusa zimeanza kulainika, usimlaumu tu aliyevuna. Tazama pia chini ya kreti.

Kuna hatari nyingine ambayo wakulima wengi hawaifikirii: udongo. Kreti ikiwekwa chini katika shamba lenye ugonjwa wa kunyauka, ikabeba tope kwenye miguu yake, halafu wiki inayofuata ikawekwa katika shamba la jirani, ugonjwa nao umepata usafiri wa bure. Ugonjwa huu unakamata tomati, biringanya na pilipili, mmea unanyauka ukiwa bado wa kijani, na bakteria wake wanabaki katika udongo miaka mingi. Ukitaka kuuhakikisha, kata shina la mmea ulionyauka, litumbukize katika glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Ukiona utomvu mweupe unashuka kama moshi, ndio wenyewe. Kreti zilizoingia shamba hilo zisiingie lingine kabla ya kuoshwa na kupitishwa katika javeli.

Kwa hiyo kanuni ndogo ya shambani: kreti isiguse udongo. Tandaza fito mbili tatu ao majani chini yake. Na kreti iliyosimama kwenye tope usiiweke juu ya nyingine yenye tomati, maana tope lote linaanguka ndani.

Kuosha: sabuni kwanza, javeli baadaye

Watu wengi wanaanzia javeli. Wanamwaga katika ndoo, wanachovya kreti chafu, wanatoa, wanasema imekuwa safi. Sivyo. Javeli inakula uchafu wote inaokutana nao, na ikikuta tope na ngozi za tomati inamaliza nguvu yake hapo kabla ya kufika kwa bakteria. Ni kama kumwaga javeli barabarani. Uchafu uondoke kwanza kwa mikono, kwa maji na kwa sabuni.

Chombo kizuri na cha bei ndogo ni pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa katikati kwa urefu. Nusu moja ni karai refu ambalo kreti ya sentimita 60 kwa 40 inaingia ikilala, mnaigeuza upande huu na upande ule. Mapipa mawili yanatoa makarai manne, mnahitaji matatu. Ulizeni vizuri pipa lilibeba nini. Lililobeba dawa ya wadudu, mafuta ya gari ao kemikali ya kiwanda, hapana, hata likioshwa mara kumi. Pipa la chuma nalo javeli italila kwa kutu.

Kabla ya maji, geuza kreti na uigonge chini, majani na ngozi na tope kavu vianguke. Karai la kwanza ni maji na sabuni ya unga. Hapo mtu anasugua kwa burashi ya plastiki, ndani na nje, na zaidi katika kona, chini ya ukingo na katika mishikio, maana vidole vya watu wote vinapita hapo. Tafadhali msitumie mchanga wala waya wa kusugulia sufuria. Tumezoea kung'arisha masufuria kwa mchanga na majivu, lakini plastiki ikikwaruzwa inapata mifereji midogo, na uchafu unalala humo mahali burashi haifiki. Kreti inaonekana inang'aa, kumbe imekuwa nyumba ya bakteria.

Karai la pili ni maji matupu ya kusuuza. Msiliruke, maana povu la sabuni likiingia katika karai la javeli linaidhoofisha.

Karai la tatu ndilo la javeli, na hapa kipimo ni lazima. Tunachotafuta ni miligramu kama 200 za klorini katika kila lita ya maji. Kama javeli yenu ni ile ya kawaida ya asilimia 3.5 (kwenye chupa nyingine wanaandika digrii 12, ni karibu sawa), kipimo ni rahisi kukumbuka: bido tatu za lita 20, chupa moja ndogo ya soda ya santilita 33. Yaani lita 60 za maji kwa chupa moja. Kama mnatumia unga wa klorini wa asilimia 70, ule ambao vituo vya afya vinatumia, weka gramu 17 katika lita hizo 60. Chupa ya kupimia itobolewe ao ipakwe rangi nyekundu ili isirudi jikoni. Mtoto akiona chupa ya soda hafikirii javeli.

Kreti ibaki imelowa dawa hiyo dakika 5. Kama haizami yote, igeuze na uimwagie kwa kopo. Halafu itoe na uiache idondoke, usiisuuze tena kwa maji ya mto.

Wengine watauliza: kwa nini tusitie nyingi zaidi, kama ile iliyonyunyizwa wakati wa Ebola? Ile ya kunyunyizia vitu na nyumba ilikuwa kali sana, mara 25 ya hii. Kwa kreti ya chakula haina faida; inachoma mikono, inapauka plastiki, inamaliza pesa. Yenye kipimo, juu ya kreti iliyosuguliwa, inatosha.

Javeli ya sokoni ina matatizo yake. Nyingine imeongezwa maji kabla ya kukufikia, nyingine imekaa juani juu ya meza wiki nzima, na jua linaua javeli. Nunueni yenye kifuniko kizima na karatasi yake, iwekeni gizani. Tengenezeni maji ya javeli asubuhi ya siku ya kuosha, si usiku wa jana, na karai likae kivulini. Maji yakigeuka rangi ya chai, ao harufu ya javeli ikipotea, yamwageni mtengeneze mengine, hata kama mmeosha kreti 15 tu. Na kamwe msichanganye javeli na limau, siki ao dawa ya kuoshea choo. Hewa inayotoka hapo inaumiza mapafu, imekwisha kulaza watu hospitalini.

Maji gani? Swali hili ni zito kwetu. Kijito ambacho watu wamelowesha mihogo, wanafua na wanaoga, si maji ya kusuuzia kreti ya tomati ambayo mtu ataikata mbichi katika pilipili yake. Mwaka 2011 kipindupindu kilianza Kisangani kikashuka na mto mpaka Kinshasa. Hatuhitaji kufundishwa mto unaweza kubeba nini. Tumieni maji ya chemchemi iliyojengwa, ya kisima, ao ya mvua iliyokingwa kutoka paa la bati. Kama maji ya mto ndiyo pekee, yaacheni yatulie katika pipa usiku mmoja, mchukue ya juu, na karai la javeli lisikosekane hata siku moja.

Maji machafu ya javeli msiyarudishe kijitoni, samaki wanakufa. Chimbeni shimo mbali na kisima. Ngozi na tomati zilizooza zifukiwe, zisitupwe pembeni mwa shamba.

Jua letu na mvua yetu

Kreti iliyooshwa na kupangwa ikiwa na maji haikuoshwa. Unyevu uliofungwa katikati ya kreti mbili unarudisha kuvu kabla ya safari ijayo. Kisangani inapata mvua karibu milimita 1,700 kwa mwaka na hakuna mwezi mkavu kabisa, basi kusema "tutaanika juani" hakutoshi. Jengeni kichanja cha mianzi chenye urefu wa kufikia magoti, upande mmoja nje na upande mwingine chini ya paa lenye upepo. Kreti zisimame kwa ubavu ao zipinduliwe, kila moja peke yake. Asubuhi yenye jua zitakauka kwa saa moja ao mbili. Siku ya mawingu ziache mpaka kesho.

Lakini kukausha juani ni jambo moja, kuhifadhi juani ni lingine. Kreti iliyoachwa nje miezi inakuwa kama biskuti, ukiishika inavunjika. Zikikauka ziingie ndani, zipinduliwe, juu ya mbao, mahali panya na kuku hawalali.

Na kreti ya tomati ni ya tomati na mboga, basi. Tumeziona zimebeba makala, samaki wa moshi, bido la petroli, hata kuku watatu wakienda harusini. Mafuta ya petroli yanaingia katika plastiki yenyewe na hakuna sabuni inayoyatoa. Kreti ya namna hiyo itolewe kabisa kwenye hesabu ya chakula.

Kreti irudi: tujifunze kwa watu wa bia

Sasa tuje kwenye jambo linaloua koperative nyingi. Kreti 50 zinakuja kwa sherehe na picha, baada ya miezi sita zimebaki 18, na 4 kati yake zimepasuka. Hazikuibwa usiku. Ziliondoka moja moja, kwa adabu. Mama wa sokoni anasema: "Papa, uniachie hii kazie, tomati ziko bado ndani, kesho nitarudisha." Kesho kreti imekuwa meza yake, kesho kutwa imekuwa kiti. Na yeye si mwizi: hamkumpa sababu ya kuirudisha.

Tazameni watu wa bia. Nani amewahi kuingia depo Kisangani akatoka na kazie ya chupa zilizojaa bila kuacha vidanje ao kulipa bei yake? Hata mlevi anajua sheria hiyo. Kiwanda hakimtumi mtu kutafuta chupa mtaa kwa mtaa. Chupa zinarudi zenyewe kwa sababu bila vidanje hakuna bia.

Koperative inaweza kufanya vile vile. Mnunuzi wa kwanza analipa amana ya kreti, anapewa kreti iliyojaa. Siku inayofuata analeta tupu, anachukua iliyojaa, halipi amana tena. Kreti kwa kreti. Asiyeleta tupu anamiminiwa tomati katika beseni lake mwenyewe, pale pale, na kreti yenu inarudi na toleka. Amana iwe karibu na bei ya kreti mpya. Wengine wanaweka franga kidogo "ili tusiwakasirishe wateja", lakini hapo mmemuuzia kreti kwa bei ya chini na atafurahi sana kuinunua. Kama amana kubwa inawashinda mama wadogo wa sokoni, anzeni na kubadilishana tu bila amana, kwa wanunuzi wale mnaowajua kwa jina na meza. Kwa maoni yetu kubadilishana ndiko kunafanya kazi zaidi. Amana ni ya wageni.

Kila kreti ipewe namba na alama ya koperative kwa chuma cha moto, pande mbili. Rangi inafutika, karatasi inang'oka siku ya kwanza ya kuosha. Daftari moja liwe na tarehe, namba ya kreti, imekwenda kwa nani, imerudi lini. Mwenye toleka naye aandikwe, na alipwe kitu kidogo kwa kila kreti tupu anayorudisha, maana kwake kreti tupu zinachukua nafasi ya abiria. Chagueni kreti zinazoingiana zikiwa tupu. Zinazobaki na ukubwa ule ule zinarudi kwa shida, na mara nyingi hazirudi.

Nani anaosha?

Mara nyingi jibu la mkutano ni: tutafanya salongo, kila mtu atakuja Jumamosi. Wiki ya kwanza wanakuja ishirini, ya pili saba, ya nne anabaki mama mmoja na binti yake, na hawatashukuriwa. Heri kuwalipa watu wawili wanaojulikana, ambao ni kazi yao, na ambao mweka hazina anaweza kuwauliza kreti namba 23 kwa nini ina harufu.

Pesa itoke katika safari yenyewe. Tuseme kila kreti inayoondoka inalipa franga 200. Kreti 40 zikienda mara mbili kwa wiki, ni franga 16,000 kwa wiki za sabuni, javeli na mikono. Kama hazitoshi, pandisheni kidogo. Mkulima anayeokoa kilo mbili za tomati katika kreti ya kilo 20 ameshazirudisha. Ila mpango huo uandikwe kabla kreti hazijafika. Zikishaanza kuzunguka, kila mtu anaona kulipa ni adhabu.

Kreti zirudi siku ile ile jioni na zipigwe maji ya kwanza hapo hapo, hata kama sabuni ni ya kesho. Maji ya tomati mabichi yanatoka kwa kopo moja la maji. Yakilala usiku mbili yanashika kama gundi na yanaita nzi wote wa kijiji.

Mbao, vitunga, na zilizovunjika

Wengi bado wana makasha ya mbao ya fundi wa kijijini, na si ya kudharau. Shida ni kwamba mbao inakunywa maji ya tomati na javeli haifuati mpaka ndani. Sugueni, suuzeni, anikeni juani siku nzima, na mkiweza myatumie zaidi kwa nanasi, ndizi na mihogo kuliko tomati. Vitunga vibaki kwa sombe na lengalenga. Mkitandika majani ndani, yawe mapya kila safari, ya shamba lenu wenyewe, na yabaki sokoni. Majani ya migomba yanayorudi na kreti kutoka sokoni, yaliyochanganyika na ya watu wengine, yanaweza kuleta mnyauko wa migomba katika kijiji ambacho hakikuwa nao.

Kreti iliyopasuka ukingo inatoboa tomati kama kisu. Msiifunge kwa waya, waya nao unatoboa. Mafundi wanaoziba mabeseni kwa chuma cha moto wanaweza kuishona na kipande cha kreti nyingine ya plastiki ya aina ile ile, kwa hiyo zilizokufa msizitupe, wekeni pembeni ziwe akiba ya vipande. Ambayo haishoneki ikatwe makali, ifutwe namba katika daftari la tomati, iende kubeba mihogo.